Blogu tatu, misimu mitatu: ninavyogawa muda wangu hapa Busia

Nina blogu tatu za Kiswahili na zote naziandika peke yangu hapa Busia, upande wa Uganda. Moja ni ya kuku, moja ya umeme wa sola nyumbani, na moja ya biashara ndogo ya mpakani. Asubuhi hadi saa nane niko dukani nauza dawa za mifugo, kwa hiyo muda wa kuandika ni ule unaobaki. Wasomaji wangu wengi wako Kenya na Tanzania, ndiyo maana siandiki Luganda wala Kisamia.

Mwaka wa kwanza nilizigawia siku sawasawa: Jumatatu kuku, Jumanne sola, Jumatano mpaka. Niliona ndiyo haki. Zamu ya makala ya broila wa kuuza Krismasi ikafika tarehe 10 Desemba. Niliiandika kwa moyo wote, nikapiga picha bandani kwa jirani, nikaitoa. Sasa broila anahitaji wiki tano hadi saba kufikia uzito wa kuuzwa. Aliyeisoma siku ile, hata angenunua vifaranga jioni hiyohiyo, Krismasi ingemkuta na kuku wa wiki mbili. Iliniuma sana, kwa sababu watu wa namna hiyo ndio ninaowahudumia kaunta kila siku.

Tangu hapo muda naugawa kwa kufuata msimu wa msomaji, na nahesabu kurudi nyuma. Chukua Krismasi hiyohiyo. Kuku wauzwe kuanzia 20 Desemba, basi vifaranga waingie bandani kufikia 8 Novemba. Mfugaji anaweka oda na kutafuta habari mwezi Oktoba. Makala mpya nayo huchukua wiki kadhaa kabla Google haijaanza kuwaonyesha watu. Kwa hiyo yangu hutoka mwishoni mwa Agosti, na mwezi huo wote ni wa kuku. Blogu nyingine naziangalia tu zisiharibike.

Ya mpaka ina mwezi wake. Uganda, Kenya na Tanzania husoma bajeti Juni, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo ushuru ukibadilika, hubadilika wakati huo. Mei naandika yale yasiyoyumba, kama utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000, halafu naacha nafasi wazi za viwango. Bajeti ikisomwa najaza na kutoa wiki hiyohiyo. Sola inafuata mvua: Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, betri hazijai na watu wanatafuta majibu. Kwa hiyo kazi yake naifanya Januari na Julai. Januari malipo ya matangazo hushuka baada ya pilikapilika za mwisho wa mwaka, nami naitumia pia kurekebisha makala za zamani.

Wiki nayo naigawa kwa aina ya kazi. Kurukaruka kutoka kuku kwenda betri kwenda forodha katika alasiri moja kunachosha kichwa kuliko kuandika kwenyewe. Jumatatu na Jumanne naandika tu, intaneti imezimwa. Jumatano nahakiki: nauliza daktari wa mifugo, fundi, wakala wa forodha. Alhamisi napakia vyote kwa kikao kimoja, picha zikiwa zimeshapunguzwa ukubwa, maana tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12 na kila dakika mtandaoni ina bei yake.

Mada sizitafuti wikendi, zinakuja zenyewe dukani. Chini ya kaunta nina kaunta buku niliyoikunja kila ukurasa katikati. Kushoto naandika swali kwa maneno ya mteja mwenyewe, kulia jibu na jina la aliyenithibitishia, na pembeni herufi: K, S au M. Swali likirudi mara tatu nalizungushia duara, ndiyo makala ijayo. Usilisafishe swali. "Kuku anazungusha shingo halafu anakufa" ndivyo mtu atakavyoandika kwenye simu yake usiku.

Hapo nilijifunza jambo la maneno. Nilikuwa na makala moja ya mdondo, nyingine ya kideri, ya tatu ya Newcastle, na ugonjwa ni mmoja! Zikawa zinagombania msomaji mmoja na hakuna iliyopanda kwenye Google. Nikaziunganisha, majina yote matatu yakakaa juu kabisa, na anwani mbili za zamani nikazielekeza kwenye ile moja. Sasa inasema wazi kwamba dawa ya kuutibu hakuna, kinga ni chanjo, na ile ya I-2 hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo kabla ya kuanza makala mpya, tafuta kwanza kwenye blogu yako mwenyewe. Mimi nikiandika moja mpya, narekebisha mbili za zamani.

Weka pia akiba ya makala za wiki mbili, zilizopangiwa tarehe ya kutoka. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Makala zangu zilitoka kwa tarehe zake kwa sababu seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu, iko nje ya nchi, ingawa mwenyewe sikuweza hata kuzifungua.

Kuhusu pesa: AdSense, mpango wa Google wa kulipia matangazo kwenye blogu, inaruhusu akaunti moja kwa mtu, tovuti zako zote ziingie humo. Mapato yanajumlishwa, yakifika dola 100 yanalipwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Ukifikisha dola 10 wanatuma namba ya siri kwa posta, basi uwe na sanduku la posta mapema. Ila kwenye daftari tenganisha kila blogu, saa ulizotumia kwa dola zilizoingia.

Daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba blogu yangu ya nne, ya simu, ilikula saa nyingi kuliko zote na kuingiza kidogo kuliko zote. Nilikuwa naeleza simu ambazo sijazishika. Niliifunga. Makala moja tu ilikuwa na wasomaji, ya kuchaji simu kwa paneli ndogo, nikaihamishia kwenye blogu ya sola. Kisha nikalipia jina la ile tovuti mwaka mmoja zaidi, ili anwani ya zamani iendelee kuwapeleka watu huko.