Usiseme "siku zangu zimerudi": damu baada ya kukoma hedhi ukiwa Uingereza

Juni 2024, Jumamosi asubuhi, niliona doa la damu kwenye shuka. Nilikuwa na miaka 53, na mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa miezi kumi na sita nyuma. Hesabu hiyo nina uhakika nayo, kwa sababu Ramadhani ya 2023 na ile ya 2024 nilifunga zote mbili bila kukatisha hata siku moja. Mwanamke anayelipa kadha kila mwaka, yaani funga zilizompita akiwa kwenye hedhi, hawezi kusahau mwaka alioacha kudaiwa.

Jumatatu nikampigia GP, yule daktari wa kliniki ya mtaa. Hapo ndipo niliponaswa, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kiingereza changu ni cha kazini. Kinanitosha kuwahudumia wazee kwenye nyumba ninayofanya kazi, lakini mambo ya ndani ya mwili wangu hakinifikishi. Nikampa simu mwanangu wa kiume, ana miaka 19, anitafsirie. Nitamwambiaje mtoto niliyemzaa habari za damu yangu? Nikatafuta maneno ya stara. Nikamwambia: "Waambie siku za mama zimerudi, zinakuja ovyo ovyo." Akasema vilevile. Daktari naye akaandika vilevile alivyoambiwa. Nilipokuja kufungua rekodi zangu kwenye programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, baadaye, nilikuta maneno mawili tu: "irregular periods". Hedhi isiyo na mpangilio. Mwanamke wa miaka 53 mwenye hedhi isiyo na mpangilio hamshtui mtu yeyote. Nikaandikiwa vidonge vya kupunguza utokaji wa damu, nikawekwa kwenye foleni ya kawaida ya ultrasaundi. Foleni ile ilinila miezi minne.

Sasa nisikilizeni, dada zangu. Hedhi ikishakatika miezi 12 mfululizo, damu yoyote inayokuja baada ya hapo si siku zako. Hata tone moja. Hata ikiwa ya kahawia au ya waridi kwenye karatasi ya chooni. Hata ikitoka mara moja ikaacha. Usiiite siku, usiiite mwezi, usiseme "zimerudi". Huku ina jina lake, "postmenopausal bleeding", na jina hilo ndilo linalofungua foleni ya haraka. Mwongozo wanaoufuata madaktari wa England unasema mwenye miaka 55 na kuendelea apewe rufaa ya haraka ya kuchunguzwa saratani. Aliye chini ya 55, daktari anatakiwa kuifikiria rufaa hiyo, yaani inabaki kwenye uamuzi wake. Mimi nilikuwa na 53. Kwa hiyo maneno yangu ndiyo yaliyokuwa mizani, na maneno yangu yalikuwa ya uongo bila mimi kujua.

Kinachoniuma ni kwamba lugha tulikuwa nayo. Chuoni, yaani madrasa, tukiwa wasichana, tulifundishwa kwamba damu ya mwanamke ina majina matatu: hedhi, nifasi ya baada ya kujifungua, na istihadha. Hiyo ya tatu tuliijua kuwa ni damu ya ugonjwa. Bibi aliyetusomesha alikuwa akigonga meza kila tulipochanganya. Habari ya swala na funga kwa damu ya ukubwani muulize mwanachuoni wako, mimi siingii humo. Lakini ukiwa mbele ya daktari sema wazi: hedhi yangu ilikatika mwezi fulani, mwaka fulani, na sasa natokwa na damu ambayo si hedhi.

Halafu mtoto asikutafsirie. Wala mume, wala shemeji, wala jirani wa kanisani. Si kwamba hawakupendi; mbele yao utaficha, nao watapunguza. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako, ni bure, na ni kazi ya kliniki kumtafuta. Waambie mapokezi mapema, siku ile unapoomba miadi. Ukitaka wa kike, omba wa kike. Mwezi Oktoba nilipopata wangu kwa njia ya simu, mama mmoja mwenye lafudhi ya Kikongo, alitafsiri swali la daktari hivi: "Mama, hedhi yako ilikatika lini kabisa?" Nikamtajia Februari 2023. Akalisema kwa Kiingereza. Yule daktari, wa pili sasa, aliacha kuchapa, akageuza kiti na kunitazama. Rufaa iliandikwa palepale nikiwa nimekaa.

Hiyo ndiyo tabia ya nchi hii, na nimeishi huku miaka kumi na moja sijaizoea. Kwetu daktari anakutazama usoni, anakugusa tumbo, anamuuliza na aliyekusindikiza. Huku wanaliamini neno. Ukisema "kidogo tu" wanaandika kidogo tu. Sisi tumelelewa kwamba mgonjwa mwenye adabu halalamiki, akiulizwa hali anasema nzuri kwanza. Adabu hiyo huku inakuua. Ila niseme na lingine: neno sahihi likishaandikwa, mashine yao inakwenda. Ukiwa kwenye rufaa ya haraka, lengo lao ni uambiwe ndani ya siku 28 kama ni saratani au siyo. Hakuna aliyeniomba kitu kidogo, hakuna aliyeniuliza namjua nani.

Na ndugu zetu wa nyumbani. Nawapenda, lakini nyinyi kwenye lile kundi la familia mlinichelewesha. Mmoja aliandika "hongera, umerudi usichana". Mwingine akanitumia dawa ya kuchemsha magome. Shangazi akasema nimetupiwa kitu na mke mwenza wa zamani. Shangazi, nakuheshimu, ila mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu mwambieni maneno mawili tu: nenda hospitali. Na hii ni kwenu pia mlioko Tanga, Mombasa au Bujumbura, si kwetu tu tulioko ughaibuni.

Msiogope kupita kiasi. Wanawake wengi wenye damu ya namna hii, takriban 9 kati ya 10, hawakutwi na saratani. Wanakutwa na polipu, yaani kinyama kidogo ndani ya kizazi, ukavu wa uke, au homoni za kidonge. Lakini wenye saratani ya utando wa kizazi, ile ngozi laini ya ndani, karibu wote damu ndiyo dalili yao, na ikikamatwa mapema inatibika vizuri. Damu hiyo ndiyo kengele yenyewe.

Mtego wa pili ni kipimo cha mlango wa kizazi. Kwetu Tanzania saratani tunayoisikia ni ya mlango wa kizazi, tunapimwa kwa siki, tukiambiwa "uko salama" tunadhani kizazi chote ni salama. Kipimo kile hakiangalii ndani ya mfuko wa uzazi, na ni cha wasio na dalili. Rafiki yangu aliitwa na barua ya kipimo akitokwa na damu, majibu yakawa mazuri, akatulia mwaka mzima. Usitulie.

Mtego wa tatu ni faibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani. Sisi wanawake weusi tunazo sana, na ultrasaundi ikizikuta ni rahisi mtu kusema damu inatoka hapo. Uliza: utando wa ndani una unene gani, na umeonekana wote? Hospitali nyingi huku zikiona uko chini ya milimita 4 huridhika. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2024 walikuta kwamba kwa wanawake weusi unene peke yake unaacha baadhi ya saratani zipite. Kwa hiyo damu ikiendelea, omba kipande cha utando kichukuliwe kipimwe, hata kama picha ni nzuri.

Mengine ni mepesi. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kibali cha kuishi, na kumwona ni bure kwa kila mtu. Hospitali ni habari nyingine kwa baadhi ya viza, ila kama ulilipa ile ada ya afya wakati wa kuomba viza, umeshalipia. Andika tarehe za damu na idadi ya pedi. Beba dawa zako zote, na zile za kienyeji pia, usizifiche. Omba daktari wa kike.

Kipimo cha kamera ndani ya kizazi kinauma kwa baadhi yetu. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla, na ukisema "stop" wanatakiwa kuacha. Unaweza kuomba ufanyiwe ukiwa umelazwa usingizi. Kama ulikeketwa, waambie kabla ya siku yenyewe ili waandae kifaa kidogo. Hakuna atakayekupeleka polisi kwa jambo ulilofanyiwa utotoni.

Utando wangu ulikuwa na milimita 11. Kulikuwa na polipu, na kando yake seli zilizoanza kugeuka. Haikuwa saratani bado. Kizazi kilitolewa Desemba. Daktari wa upasuaji aliniuliza kwa upole kwa nini nilisubiri tangu Juni, nikashindwa kumjibu, maana nisingeweza kumweleza neno "siku" kwa Kiingereza.

Na wewe ambaye umepimwa, ukaambiwa hakuna kitu, ukapewa barua nzuri: damu ikirudi, hata baada ya miezi mitatu, barua ile haina kazi tena. Piga simu siku hiyohiyo, omba mkalimani, utaje mwezi na mwaka hedhi ilipokatika. Kisha kabla ya kukata simu mwambie aliyekupokea kliniki akusomee alichoandika.