Kabla ya kupanda treni ya Mallaig na kivuko cha Eigg

Wengi hupanga safari hii kwa kuanzia treni, maana ndiyo yenye picha nzuri. Wewe anza na kivuko. Eigg ni kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti chenye wakazi mia moja hivi, na saa za kivuko kutoka bandari ya Mallaig hubadilika siku hadi siku. Ratiba ya kiangazi nayo si ya majira ya baridi. Hakikisha siku ya kwenda na ya kurudi, ndipo ukate tiketi ya treni. Bahari ikichafuka safari hufutwa, kwa hiyo ukishavuka kurudi bara jiachie angalau siku moja kabla ya ndege yako. Usiku huo hautapotea. Utalala Mallaig au Fort William, mji ulio kwenye njia ya treni.

Treni huondoka kituo cha Glasgow Queen Street, na hadi Mallaig ni zaidi ya saa tano. Usiingie behewa lolote tu. Treni nyingi za njia hii hukatwa kituo cha Crianlarich, sehemu ikaenda Oban na nyingine Mallaig. Aliyekaa behewa la Oban atafika baharini kweli, ila si bandari aliyoitaka.

Kuhusu kiti, kaa kushoto. Lakini ukifika Fort William treni hugeuza mwelekeo, iliyokuwa nyuma ikawa mbele, na kushoto kwako kunakuwa kulia. Hama upesi, kwa sababu daraja la Glenfinnan, lenye matao 21 ya zege kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1901, hujipinda kiasi kwamba wa kushoto ndiye anayeliona vizuri. Ipo pia treni ya mvuke ya watalii, na tiketi zake huisha mapema. Kwa maoni yangu usihangaike nayo: daraja ni lile lile, na dirisha la treni ya kawaida linatosha.

Mgeni havuki na gari lake. Kuanzia gatini ni miguu au baiskeli, hivyo begi la mgongoni lina manufaa kuliko sanduku la magurudumu. Wakazi walikinunua kisiwa mwaka 1997, na tangu 2008 wanazalisha umeme wao kwa maji, upepo na jua. Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, kwa hiyo pasi na hita ziache nyumbani. Plagi ni ile ya miguu mitatu bapa unayoijua.

Koti la mvua beba hata Juni. Kati ya Mei na Septemba kuna usubi, wadogo kama vumbi, wanaouma hasa upepo ukitulia. Dawa ya kujipaka na wavu wa kichwa husaidia. Kama unatumia dawa za hospitali, zibebe za siku zote pamoja na zile za ziada, na chakula cha kutosha kinunue Fort William au Mallaig kabla hujavuka.