Projekta na spika za ukumbi mdogo wa sinema Mwanza: anza na futikamba

Kabla hujaingia duka lolote, pima ukumbi: urefu, upana, na kimo kutoka sakafuni hadi chini ya dari. Wengi hununua projekta kwa sifa za kwenye boksi, wakifika nayo nyumbani haioani na chumba. Hapa tutatumia mfano wa ukumbi wa mita 7 kwa 12, kimo mita 3.8, viti 60, jengo la kawaida la Igoma au Buhongwa.

Jambo moja lieleweke mapema. Filamu mpya za studio kubwa za Marekani hutolewa kwa kumbi zenye projekta na seva za kiwango cha DCI, yaani kiwango cha sinema ya kidijitali kilichowekwa na studio hizo. Filamu huja imefungwa, na funguo yake ya kidijitali hufungua kwenye mashine iliyosajiliwa tu, kwa siku zilizopangwa. Mitambo hiyo ni ghali mno kwa viti 60. Kwa filamu za Bongo na mechi, projekta ya kawaida inatosha, na ndiyo tunayoieleza. Kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya mwenye haki za kazi unayoionyesha vitangulie.

Picha

Mstari wa mwisho wa viti usizidi mara 1.9 ya upana wa picha. Tukipanga mistari sita ya viti kumi, wa kwanza mita 4 kutoka skrini na wa mwisho mita 8.5, tunahitaji picha ya upana wa mita 4.5. Kwa umbo la 16 kwa 9 kimo chake ni mita 2.5. Ukingo wa chini uanze mita 1.1 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya mbele vitaziba maandishi ya tafsiri.

Ukuta uliopigwa plasta laini na rangi nyeupe isiyong'aa ni skrini nzuri kabisa. Rangi ya mafuta haifai, kwani huacha doa la mwanga katikati. Kuta za pembeni na dari ya karibu na skrini zipake rangi nzito. Zikiwa nyeupe hurudisha mwanga kwenye picha, na usiku ndani ya filamu unageuka kijivu, hata projekta iwe ya bei gani.

Sasa lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta. Ukumbi wenye giza unahitaji takriban lumeni 150 kwa kila mita ya mraba ya skrini. Skrini yetu ina mita za mraba 11.4, hivyo lumeni 1,700 zinatakiwa zifike ukutani. Zidisha mara mbili, kwa sababu mpangilio wenye rangi sahihi hupunguza mwanga, na mashine huzeeka. Tafuta projekta ya lumeni 3,500 hadi 4,500 za ANSI au ISO, ambavyo ni vipimo rasmi. Boksi likiandika "lumeni 12,000" bila kutaja kipimo, achana nalo.

Hesabu inayowaumiza wengi ni ya umbali. Gawanya umbali wa projekta hadi skrini kwa upana wa picha. Ukiiweka ukuta wa nyuma, mita 11.5, unapata 2.55. Namba hii huitwa uwiano wa umbali wa lenzi, na projekta nyingi za kawaida zina lenzi ya kati ya 1.5 na 2.1 hivi. Kwa umbali huo, hata ukifunga zumu yote, picha haishuki chini ya mita 5.5, inamwagika nje ya skrini. Basi ama ununue yenye lenzi ndefu, ama uining'inize mita 9 kutoka skrini, ndani ya kasha lenye matundu ya hewa ili feni isisikike. Projekta yenyewe ielekee skrini moja kwa moja. Kunyoosha picha kwa kitufe cha kurekebisha pembe hupoteza sehemu ya picha na kuifanya ififie; afadhali mashine inayosogeza lenzi yenyewe.

Ukionyesha saa 6 kwa siku, mwaka mzima ni saa 2,190. Taa za kawaida hudumu saa 2,000 hadi 5,000. Leza hutajwa saa 20,000 kabla mwanga haujafika nusu. Kwa biashara ya kila siku tunashauri leza.

Sauti

Hapa ndipo pesa yako itaonekana. Aliyezoea kibanda umiza ameshavumilia picha hafifu. Akilipa kiingilio cha sinema na bado hasikii wahusika wanasema nini, harudi.

Nunua spika tatu zinazofanana kwa mbele: kushoto, katikati, kulia. Ya katikati ndiyo inayobeba maneno, usiiache wala usiibadilishe kwa ndogo. Nyingi za filamu zilizotafsiriwa na madijei zina njia mbili tu za sauti, kwa hiyo chagua risiva (mashine inayopokea sauti na kuigawa kwenye spika) inayoweza kuchukua kilichomo kwenye zote mbili na kukipeleka katikati.

Wati zisikubabaishe. Angalia unyeti wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya desibeli 95, ukikaa mita 8, hufika na 77. Ili ifike 100 kwenye mlipuko unahitaji wati 200. Ya desibeli 89 kwa kazi ileile inadai wati 800. Amplifaya ndogo ikilazimishwa hukata mawimbi ya sauti, na koili ya twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza. Namba za PMPO, yaani wati za kilele zinazotiwa chumvi, puuza; soma RMS, wati inazoweza kutoa mfululizo.

Ongeza spika nne ndogo za pembeni na nyuma, na subwufa moja ya inchi 18 au mbili za inchi 15, zikae mbele sakafuni. Waya uwe wa shaba halisi, milimita za mraba 2.5 kwa mita 15. Kwangua ncha: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Simama katikati ya ukumbi mtupu upige kofi. Ukisikia mlio unaruka ukutani, weka mapazia mazito yenye mikunjo, sentimita 10 kutoka ukutani, na zulia kwenye njia. Kanga na vitenge ni vyepesi mno kwa kazi hii. Juu, kama ni mabati matupu, hakuna spika itakayoishinda mvua ya masika. Weka dari ya jipsamu yenye pamba ya nyuzi za kioo juu yake, hata kama itabidi subwufa isubiri.

Umeme, joto na wadudu wa ziwani

Projekta na kifaa cha kuchezea filamu viwe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ya VA 1,000. Umeme ukikatika ghafla, projekta ya taa huhitaji dakika chache za feni ili ipoe. Amplifaya zipite kwenye stabilaiza. Vifaa vyote vya sauti vitumie sehemu moja ya ethi, vinginevyo subwufa itavuma.

Wadudu wale wanaopanda kama nguzo za moshi juu ya ziwa hufuata mwanga usiku. Feni huwavuta, filta inaziba, projekta inapata joto na kujizima katikati ya filamu. Funika matundu ya kasha kwa wavu mpana kuliko tundu lenyewe ili hewa isipungue. Safisha filta kila wiki, na kila siku wanapotokea kwa wingi. Mwanza iko kwenye mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Angalia kwenye kitabu cha mashine feni inatakiwa kubadilishiwa mpangilio kuanzia kimo gani.

Dukani, kabla ya kulipa, omba waiwashe nusu saa mfululizo, gizani, kwa umbali uliopima. Chezesha mazungumzo ya taratibu, kisha sehemu ya usiku yenye giza, na usimame pale atakapokaa mtu wa mstari wa mwisho.