Kumtafuta mhenga wako kupitia ndoa yake, hatua kwa hatua

Wengi wanaoanza kutafuta nasaba hukimbilia cheti cha kuzaliwa. Mimi naanza na ndoa. Kuzaliwa kunakupa mtoto na wazazi wake, basi. Ndoa inakutanisha koo mbili kwenye karatasi moja, na aghalabu inakutajia umri, kazi, makazi, baba wa pande zote mbili na watu walioshuhudia.

Hatua ya 1: Anza na walio hai

Kompyuta isubiri. Kaa na mkubwa kuliko wote katika ukoo, umwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, kisha umwache aongee. Ukimuuliza "Walioana mwaka gani?" utaambiwa hakumbuki. Uliza badala yake: nani alimwoza bibi harusi? Walipohamia ile nyumba walikuwa na watoto wangapi? Picha za zamani zigeuze. Nyuma yake mara nyingi kuna jina la studio, mji au tarehe.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya miaka

Chukua mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza unayemjua, anza hapo, urudi nyuma. Ukikosa kitu, tafuta pia miaka ya mbele. Watoto kutangulia ndoa si jambo la leo.

Hatua ya 3: Jua nani aliyekuwa akiandika

Uingereza, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iweke rejista mwaka 1538, lakini usajili wa serikali wa England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Ufaransa, serikali ilichukua kazi hiyo mwaka 1792. Kwa Wakatoliki, agizo la rejista za ndoa lilitoka kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1563. Kwao kuna njia ya mkato ninayoipenda sana: kwa amri ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika 1908, ndoa inatakiwa kuandikwa pia kwenye kitabu cha ubatizo cha wanandoa. Hujui walifunga wapi? Tafuta ubatizo, kisha soma pembezoni mwa ukurasa.

Kama huna fununu yoyote, anza na kwao mke. Arusi nyingi zilifungwa upande wake.

Hatua ya 4: Soma kila safu

Hapa usiwe na haraka. Chukua cheti cha England cha karne ya 19. Kwenye umri pameandikwa tu kwamba bwana harusi ni "mtu mzima": maana yake ametimiza miaka 21 au zaidi, hata kama ana 50. Safu ya hali ya ndoa inasema ni mgane, kwa hiyo kuna mke wa kwanza wa kutafutwa, na pengine watoto wake. Safu ya baba ikiwa tupu, huenda alizaliwa nje ya ndoa. Baba akitajwa kuwa marehemu, umepata ukomo wa kutafuta kifo chake. Asipotajwa hivyo, usidhani alikuwa hai, maana makarani hawakuuliza kila mara.

Mashahidi ndio wanaorukwa na wengi. Mara nyingi ni kaka, dada au shemeji, na jina la shahidi limewahi kufungua milango iliyogoma kabisa.

Saini nazo zina kazi, ila ujue kwamba nakala ya ofisi kuu ya usajili imenakiliwa na karani. Saini yenyewe, au alama ya X ya asiyejua kuandika, imo kwenye kitabu cha awali.

Hatua ya 5: Angalia kalenda

Kabla ya 1752, mwaka wa England ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta ubatizo wa Novemba 1740 na ndoa ya Februari 1740, ndoa ndiyo iliyokuja baadaye: kwa hesabu yetu ni Februari 1741.

Hatua ya 6: Thibitisha

Jina kufanana si ushahidi. Mimi sikubali mtu mpaka mambo mawili zaidi yaafikiane, kwa mfano kazi ya baba na makazi. FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, ni bure na ina picha nyingi za rejista, lakini mti wake wa ukoo unaweza kubadilishwa na yeyote, kwa hiyo usiunakili kama ulivyo. Faharasa pia hukosea. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, uandike jina la kitabu, ukurasa na namba.

Rejista ikiwa imepotea

Moto wa mwaka 1922 kwenye Ofisi ya Kumbukumbu za Umma jijini Dublin uliteketeza rejista nyingi za parokia za Ireland. Hali kama hiyo inakulazimu kuzunguka: wosia, mawe ya makaburi, matangazo ya magazetini na, kuliko vyote, mafaili ya pensheni za wajane. Marekani, mjane wa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alipaswa kuthibitisha kwamba aliolewa kweli. Wasiokuwa na cheti walileta viapo vya majirani waliohudhuria arusi, na wengine walichana kurasa za Biblia ya familia zilizoandikwa ndoa na vizazi, wakazituma serikalini. Baadhi ya kurasa hizo bado zimo ndani ya mafaili.