Kuosha kibofu kilichopanuliwa ili mtoto asipate mawe

Mtoto mwenye mgongo wazi, au aliyezaliwa kibofu kikiwa nje ya tumbo, anapopanuliwa kibofu kwa kipande cha utumbo, utumbo huo hauachi kazi yake ya kutoa ute. Ute usipotoka hugandana, chumvi za mkojo zinaushika, na jiwe linaanza. Bakteria kama Proteus huharakisha mambo: huvunja urea, mkojo unapoteza asidi, fosfeti zinaganda. Kunywa maji ya kutosha kunasaidia, lakini ute mzito hautoki kwa kunywa maji. Unaoshwa.

Maelezo haya ni ya mtoto ambaye kidonda kimepona na daktari amesharuhusu aoshwe nyumbani. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji fuata kipimo cha daktari wako tu.

Maji yawe ya chumvi: ya chupa ya hospitali, au lita 1 ya maji yaliyochemshwa dakika 10, yenye gramu 9 za chumvi ya mezani, karibu vijiko vya chai 1 na nusu vilivyosawazishwa. Acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Usitumie maji matupu, kwa kuwa utumbo huyanyonya na chumvi ya damu ya mtoto inaweza kushuka.

Nawa mikono, pitisha mpira wa mkojo, toa mkojo wote kwanza. Mpira mwembamba huziba kwa ute, kwa hiyo muulize daktari kama njia ya mtoto inapitisha mpira wa unene wa namba 12 au 14. Kwa mtoto wa mgongo wazi usitumie mpira wa lateksi (utomvu wa mti wa mpira) wala glavu za lateksi. Wengi wao hupata mzio nazo, na mzio huo unaweza kuwa mkali.

Vuta mililita 60 kwenye bomba la sindano, sukuma taratibu, kisha vuta zirudi. Rudia hadi maji yatoke maangavu bila nyuzi za ute, na jumla isipungue mililita 240 kwa siku. Kiasi hicho si cha kubahatisha: watoto wanaooshwa hivyo kila siku hupata mawe machache kuliko wanaooshwa kwa maji kidogo. Wazazi wengi huishia bomba moja kwa kuwa ute umeanza kutoka, na hapo ndipo kazi inaharibika.

Maji yakiingia na yasirudi, mpira umeziba au umenyonya ukuta wa kibofu. Uzungushe, uvute nje kidogo, ujaribu tena; ikishindikana weka mpira mpya. Usiongeze maji juu ya yaliyokwama, wala usisukume kwa nguvu. Kibofu hiki kinaweza kupasuka. Tumbo likiuma na kuvimba, mtoto akitapika au kupata homa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mseme wazi kwamba kibofu kimepanuliwa kwa utumbo, maana zamu ya usiku huenda ikadhani ni tumbo la kawaida.

Anayetolea mkojo kwenye kitobo cha kitovuni kilichotengenezwa kwa upasuaji ana tatizo la ziada: mpira unaingilia juu, na masalia ya mkojo na ute hubaki chini ya kibofu. Mwishoni uvute mpira nje kidogo kidogo, ukisubiri kila hatua mkojo uishe. Mkojo utolewe kila baada ya saa 3 hadi 4. Usiku fuata mpango wa daktari.

Bakteria kwenye kipimo cha mkojo, bila dalili, ni jambo la kawaida kwa anayetumia mpira, na kwa kawaida si sababu ya antibayotiki. Proteus ikijirudia, lakini, zungumza na daktari kuhusu mawe.

Ultrasaundi ya figo na kibofu ifanywe kila mwaka hata kama mtoto hana shida, kwa sababu wa mgongo wazi huenda asihisi maumivu. Damu kwenye mkojo, kuvuja kulikoanza ghafla, au maambukizi yasiyokoma yapimwe mapema zaidi. Jiwe likipatikana hutolewa kwa upasuaji, na vipande vyote vitoke, kwa sababu kinachobaki huwa kiini cha jiwe jipya. Kuosha kunaendelea mara daktari anaporuhusu.