Kufufua Leak Stereo 20 hatua kwa hatua, na ile kapasita iliyonila siku mbili

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Mombasa aliniletea Leak Stereo 20 iliyolala miaka mingi stoo kwa babu yake. Ni amplifaya ya Kiingereza iliyoanza kutoka mwaka 1958: valvu (taa za kioo) nne za EL84 zinazosukuma spika, tatu za ECC83 zinazozitangulia na rektifaya moja ya GZ34 inayogeuza umeme kuwa wa DC, wati kumi na ushei kila upande. Tuliifufua pamoja, na njia tuliyopita ni hii. Humu ndani mna volti 300 na zaidi. Kama hujazoea, mara ya kwanza kaa na fundi aliyezoea.

Hatua ya 1: Usiichomeke

Najua hamu ilivyo. Lakini kapasita kuu ya miaka hiyo, ile inayotunza chaji ya volti za juu, ikipewa umeme wote kwa mpigo huweza kwenda shoti na kuondoka na transfoma, na transfoma ya Leak huipati dukani. Chomoa valvu zote, kila moja uiandikie soketi yake, kisha futa vumbi kwa brashi kavu ya rangi. Kiteuzi cha volti kiweke kwenye volti za juu kabisa.

Hatua ya 2: Globu

Unga globu ya waya ya 60W kwa mfuatano na amplifaya. LED haifai. Ukiwasha bila valvu, globu imulike kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti, na umeiokoa transfoma. Kumbuka kwamba Leak hii haina swichi yake. Swichi iko kwenye priamplifaya, kile kifaa kinachokaa kabla ya amplifaya, kwa hiyo nyaya za umeme zinapita kwenye ile soketi inayoziunganisha. Usiingize kidole humo.

Hatua ya 3: Kapasita kuu

Badilisha, usijaribu kuibembeleza. Usizidishe mikrofaradi ukidhani utaua mvumo: mwisho wa GZ34 ni 60 kwenye kapasita ya kwanza, na ukipita hapo unaichosha kila unapowasha.

Hatua ya 4: Kapasita za gridi

Hapa nenda polepole.

Kila EL84 ina kapasita inayoiletea sauti kutoka ECC83 kwenye gridi, yaani pini inayopokea sauti. Kazi yake ni mbili: kupitisha sauti na kuzuia volti za anodi (pini ya ECC83 yenye volti nyingi) zisivuke. Ikizeeka inaanza kuvuja. Volti mbili tatu chanya zikifika kwenye gridi, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, bamba lake la ndani linakuwa jekundu kama kaa la makumbi, na usipozima unapoteza valvu, pengine na transfoma ya sauti.

Leak yangu mwenyewe ilikuwa inaimba vizuri nusu saa, halafu upande wa kulia unakwaruza na EL84 moja inaanza kuwa nyekundu. Nikabadilisha valvu, na mpya nayo ikawa nyekundu. Nikapima gridi, pini 2, mshale haukusogea. Nikabadilisha rezista, nikabadilisha soketi nzima. Siku mbili.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni mita. Yangu ilikuwa ya mshale, ya om 20,000 kwa kila volti. Kwenye skeli ya volti 2.5 hiyo ni om 50,000 tu, ilhali rezista ya gridi ni kama 470,000. Mita yenyewe ilikuwa inaimeza volti niliyokuwa naitafuta: penye volti 2 ingenionyesha 0.2 tu. Kwa kazi hii tumia mita ya dijitali, yenye megaom 10. La pili ni muda. Nilikuwa napima amplifaya ikiwa baridi, na kapasita hizi huvuja zikishapata joto.

Kwa hiyo fanya hivi. Amplifaya ikiwa imezimwa na umeshahakikisha kwa mita kwamba kapasita kuu haina chaji, bana waya mmoja wa mita kwenye chasisi na mwingine kwenye pini 2. Usishike kwa mkono huku umeme umewaka, maana pini 7 na 9 za soketi hiyohiyo zina volti mia tatu. Valvu zikiwa zimerudi kwenye soketi zake na spika zimeungwa, washa, usubiri dakika 40. Kwenye ile ya kijana, valvu ya tatu ilianza na 0.0, ikakaa hapo robo saa nzima, halafu ikapanda mdogomdogo mpaka 1.8.

Ukiona volti chanya, zima, chomoa valvu hiyo kwa kitambaa, washa tena. Volti zikibaki, mwizi ni kapasita. Zikiondoka, ni valvu. Chomoa moja tu kwa wakati: ukitoa zote nne, volti kuu zinapanda na kapasita zote zinaumia.

Moja ikivuja, badilisha zote nne. Weka polipropilini ya kawaida ya 630V, thamani ileile. Zile za bei ya mbuzi sijawahi kusikia tofauti yake.

Hatua ya 5: Rezista

Pima zote. Iliyopanda zaidi ya asilimia 20, toa.

Hatua ya 6: Valvu

ECC83 za zamani za Mullard zikiwa nzima, zibakize, ni nzuri mno. EL84 nunua mpya. Mimi naweka JJ za Slovakia.

Hatua ya 7: Kusikiliza

Usiwashe kamwe bila spika, utaua transfoma za sauti. Leak inatosheka na milivolti 125, na CD hutoa volti 2, kwa hiyo weka kidhibiti cha sauti kati ya CD na Leak. Iache icheze saa mbili, zima taa za chumba uyatazame mabamba, kisha pima pini 2 zote upya. Ya kijana ilimaliza santuri sita za taarabu za bibi yake, pande zote mbili, na pini zote nne zikabaki 0.0.