Somo: Kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu ukiwa Mbeya, umeme kwanza

Wadau, habari za baridi. Swali la "nina milioni na nusu, ninunue nini?" limeniandama tangu Saba Saba, kwa hiyo naliandika mara moja hapa. Mimi si muuzaji. Nimefunga mashine saba au nane za jamaa zangu wa Soweto na Mwanjelwa hapa Mbeya, na ya kwanza kabisa, ya kwangu, iliungua. Nitafika huko.

Hatua ya 1: Anza na kioo

Kabla hujauliza bei ya chochote, amua unacheza gemu gani na kwenye kioo (skrini) gani. Mtu wa mpira na GTA V kwenye inchi 24 ya 1080p (Full HD) hahitaji mashine ya mtu anayetaka 4K kwenye runinga ya sebuleni. Kioo cha Hz 60 kinaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha, ikitoa 140, hizo 80 umezilipia na hutaziona. Kama kioo hubadilishi, shusha kadi, pesa inayobaki ihamishie hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kadi ya grafiki

Hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda. Mimi hutenga karibu nusu ya bajeti, ukiacha kioo. Kwa 1080p bado naipenda RX 6600 ya mwaka 2021: kumbukumbu ya GB 8, wati 132, waya mmoja wa umeme wa pini 8. RTX 3060 ya GB 12 ina nafasi zaidi ila inakula wati 170.

Wati si hesabu ya darasani. Mashine inayovuta wati 250 ukiicheza saa 4 imemaliza uniti 1 ya LUKU. Kila siku kwa mwezi, uniti 30. Kama nyumbani mko kwenye D1, zile uniti 75 za bei nafuu, umekula 30 peke yako na mama lazima aulize.

Hatua ya 3: Prosesa na mazabodi

Prosesa ndiyo ubongo, mazabodi ndiyo bodi kuu inayobeba kila kitu. Hivi viwili ni ndoa, huchagui kimoja bila kingine. Soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4 inachukua prosesa ya Ryzen 5 5600 na ramu (kumbukumbu ya kazi) ya DDR4. AM5 inataka DDR5 tu. Kwa bajeti zetu AM4 bado inalipa, na mazabodi ya B550 inatosha kabisa.

Angalia herufi. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama i3-12100F, haina grafiki ya ndani. Kadi ikifa, kioo kinabaki cheusi. Ryzen 5 5600 nayo iko hivyohivyo. Yenye picha ni 5600G.

Hatua ya 4: Pawa saplai

Soma hapa polepole hata kama kwingine umeruka.

Mashine yangu ile iliyoungua niliipa pawa saplai (kifaa kinachoigawia umeme) iliyoandikwa 600W kwa maandishi makubwa mekundu. Kilichonivuta ni feni yake yenye taa. Mwezi wa 11 mvua zikaanza, umeme ukawa unacheza: unakatika, unarudi, unakatika. Jioni moja ukarudi kwa kishindo, nikasikia "pa!" na harufu kama ya nywele zilizoungua. Pawa saplai ilikwenda, na mazabodi ikaifuata. Nilipoichomoa ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo la majani ya chai lililoisha.

Ndipo nikasoma kibandiko cha ubavuni, kile cha maandishi madogo. Mstari wa +12V: ampea 18. Zidisha 12 kwa 18 unapata wati 216. Prosesa na kadi vyote vinakula kwenye mstari huo. RX 6600 ni 132, Ryzen 5 5600 ikibanwa inafika 76, jumla 208. Zilibaki wati 8 za kugawana feni, diski na kila kitu kingine. Ile 600 ilikuwa ya kupamba boksi.

Kwa hiyo ukiwa dukani ishike mkononi kwanza. Kisha mwambie muuzaji akugeuzie kibandiko, tafuta ampea za 12V, piga hesabu kwenye simu. Yenye 550W za kweli na alama ya 80 Plus Bronze (ya kutopoteza umeme mwingi) itakuwa na ampea 40 na kitu. Angalia pia sehemu ya kuingiza umeme: iliyoandikwa 100–240V haisumbuki umeme ukishuka jioni watu wote wakiwa wamewasha pasi. Yenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma, mimi siigusi.

Hatua ya 5: Ramu na SSD

GB 16, vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16. Vichomeke tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia gemu) ya NVMe ya TB 1 ukiweza, maana gemu moja kubwa linafika GB 100 na bando la kulipakua upya unalijua.

Hatua ya 6: Boksi na feni

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, feni inasukuma pungufu kidogo, lakini baridi inafidia na chenji inabaki. Feni inayokuja na prosesa inatosha. Kumuuzia mtu wa Njombe mtambo wa kupoza kwa maji ni kumuuzia barafu. Adui wa huku ni vumbi la kiangazi: chagua boksi (kasha la kompyuta) lenye wavu mbele unaochomoka, uufute kila mwezi.

Hatua ya 7: Mzigo ukifika

Wengi tunaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi usiku. Ukifika alfajiri ukiwa baridi, usiufungue jikoni kwenye joto. Uache ndani ya kartoni yake saa mbili, la sivyo umande unatuama kwenye saketi. Wakati wa kufunga, vua sweta la sufu, maana kwenye ukavu wa Julai linazalisha cheche usizoziona. Prosesa ya AM4 ina pini kwa chini: linganisha pembetatu ya dhahabu, iachie idondoke yenyewe, ndipo ushushe mkono wa chuma. Ukijikuta unasukuma, umekosea upande.

Maswali ya wadau

Mdau wa Tunduma: Mkuu, nimepata RX 580 ya mtumba, GB 8, bei ya kutupa. Imeandikwa 2048SP. Nichukue?

Jibu: Bei ya kutupa ina sababu. Hiyo namba ni idadi ya viini vya kuchora picha: RX 580 kamili ina 2304, hiyo ni ndugu yake mdogo, nguvu zake ni za RX 570. Halafu sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi za aina hiyo ziliingia sokoni zimechoka. Kama ni lazima, icheze gemu nusu saa mbele ya muuzaji ndipo utoe hela.

Dada wa Kihesa, Iringa: Kamwene kaka. Mimi nina kompyuta ya Dell OptiPlex ya ofisi, ile nyembamba. Si naweza kuongeza kadi tu?

Jibu: Kamwene dada. Unaweza, ila kadi iwe fupi ya kimo na isiyo na waya wa umeme. Tundu la mazabodi linatoa wati 75 tu. GTX 1650 zipo za namna hiyo. Pima kwa rula kabla ya kulipa.

Mdau wa Makambako: UPS ya 650VA itabeba mashine yenye wati 400?

Jibu: Hapana. VA si wati. Nyingi za 650VA zinatoa 360 hadi 390. Na hata ikibeba, ni dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima.

Mdau wa Uyole: Ndaga fijo kwa somo. Yangu inafanya kazi vizuri, ila nikigusa boksi nikiwa peku inaning'ata vidole. Pawa saplai ni mbovu?

Jibu: Si lazima. Mara nyingi ni nyumba haina ethi, waya wa ardhini. Jaribu soketi ya jirani.

Mdau wa Uyole: Kwa jirani haining'ati. Nimefungua soketi yangu, waya wa kijani umekunjwa tu nyuma, haujafungwa popote.

Jibu: Zima meini swichi, rudisha kifuniko, mwite fundi umeme achimbie fimbo ya ethi. Mpaka aje, cheza kwa jirani.